Kibodi ya bluetooth inasahau Kiarabu kila ikilala, Debian 12 na i3

ustadh_kisauni

Assalam aleikum, na wengine wote habari zenu.

Mimi nasomesha madrasa hapa Mombasa na mitihani ya watoto naandika mwenyewe, swali kwa Kiswahili, aya na hadithi kwa Kiarabu, kwa hivyo kwenye ukurasa mmoja naenda huku narudi huku mara nyingi sana. Laptopu yenyewe ya mtumba, nimeweka Debian 12, aina ya Linux, na i3, ile programu ya kupanga madirisha, kwa sababu ndiyo inayokwenda bila kuniweka. Sasa batani za kibodi yake zimeanza kufa moja moja, spesi ndiyo ilitangulia, nikaona ninunue kibodi ndogo ya bluetooth niweke juu yake maisha yaendelee.

Kwenye config ya i3 nna mstari huu:

exec --no-startup-id setxkbmap -layout us,ara -option grp:caps_toggle

Yaani nikigonga Caps Lock inageuka Kiarabu, nikigonga tena inarudi. Kwa kibodi ya laptopu haijawahi kunisumbua. Kwa hii ya bluetooth ni hivi, nikiipiga komandi hiyo kwa terminali wakati kibodi imeshashika, inafanya kazi vizuri tu. Nikiiacha kidogo, mtu amekuja mlangoni au nimekwenda kuswali, kibodi inalala yenyewe kuokoa betri. Nikirudi nikagusa batani inaamka, herufi mbili tatu za mwanzo zinapotea, halafu Kiarabu hakuna! Caps Lock imekuwa Caps Lock, na mimi siangalii skrini naangalia kitabu, nikija kuinua macho swali zima LIMEANDIKWA HIVI. Wakati huohuo nikigonga Caps Lock ya laptopu na kuandika na batani za laptopu Kiarabu kipo palepale.

Kwa sasa nimeifunga ile komandi kwa mod na F9, kila ikiamka nagonga. Inaenda lakini inachosha. Si Linux siku hizi inajipangia vifaa vyenyewe? Sasa hii inajipangia nini ikiwa kila saa inarudi ilikotoka? Nataka ijue yenyewe, nisiikumbushe.

---

fundi_simu_tz

Waalaikum salaam ustadh. Hiyo rahisi tu, tumia udev, ile huduma ya Linux inayoshughulikia vifaa vikiingia. Tengeneza faili ndani ya /etc/udev/rules.d/ lipe jina lolote liishie na .rules, weka

ACTION=="add", SUBSYSTEM=="input", RUN+="/usr/bin/setxkbmap -layout us,ara -option grp:caps_toggle"

halafu sudo udevadm control --reload, kila kibodi ikiingia yenyewe inapigiwa komandi. Kazi imeisha.

---

dada_terminali

Hapana jamani, hii ya udev kupiga setxkbmap imekopiwa huku na kule miaka mingi na haifanyi kazi, na ikifanya kazi ni bahati. Ustadh usiiweke kwanza.

Udev inaendesha hiyo komandi kama root, nje kabisa ya sesheni yako. Haina DISPLAY, haina XAUTHORITY, kwa hiyo setxkbmap haijui skrini ya nani inaongelewa, inakufa kimyakimya na huoni hata kosa. Watu wakigundua wanaongeza DISPLAY=:0 na njia ya .Xauthority, wanakuta bado, kwa sababu udev inapiga komandi mapema, Xorg yenyewe, ile inayoendesha skrini na kibodi, bado haijaipokea hiyo kibodi. Basi wanaongeza sleep 2. Halafu wanaisukuma nyuma kwa alama ya &, na udev ikimaliza tukio lake inaua kila kilichobaki nyuma. Nimewahi kuona faili la mtu lina sleep, su, na loop ya while ndani yake, kisa leyauti ya kibodi.

Sasa tuje kwenye chanzo. Ustadh, fungua terminali piga

sudo dmesg -w

acha kibodi ilale, halafu iamshe. Utaona mstari unaosema input: halafu jina la kibodi, mwisho wake kuna input na namba. Iache ilale tena iamshe tena, namba itakuwa imepanda. Hiyo ndiyo siri yote. Kwa kibodi ya bluetooth, kulala ni kukata mawasiliano. Ikikata, kerneli, yaani kiini cha Linux, inakifuta kile kifaa kabisa, na ikirudi kinazaliwa kifaa kipya, Xorg inakiona kama kitu ambacho haijawahi kukutana nacho.

Na setxkbmap haiandiki popote. Inatangazia kibodi zilizopo wakati huo basi, sawa na wewe ustadh kutangaza darasani kwamba kesho kuna mtihani, mtoto aliyechelewa akaingia baadaye hana habari na huwezi kumlaumu. Ndiyo maana ile ya laptopu inakumbuka, haijatoka darasani tangu asubuhi.

Wenye zile za kidude cha USB mara nyingi hawalioni hili tatizo kwa sababu kwa mashine kile kidude ndicho kibodi, na kinabaki kimechomekwa hata kibodi yenyewe ikilala. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona mimi yangu ya wayalesi iko sawa" muulize kwanza ni ya kidude au ya bluetooth.

Sasa kile kifaa kipya kikiingia, Xorg inakipa leyauti kutoka wapi? Hapo ndipo huko kujipangia unakokuulizia kulipo. Inatafuta sehemu mbili, maelezo yanayotoka udev, na zile seksheni za InputClass ndani ya xorg.conf.d. Kwenye Debian, udev yenyewe inasoma faili la /etc/default/keyboard na kuyabandika maelezo yake kwenye kila kibodi inayoingia. Lako bila shaka limeandikwa XKBLAYOUT="us" tangu siku ulipoinstoli. Kwa hiyo inajipanga vizuri sana, inajipanga kufuata faili ambalo hukuliambia kuhusu Kiarabu.

Fungua hilo faili kwa sudo, lifanye hivi:

XKBMODEL="pc105"
XKBLAYOUT="us,ara"
XKBVARIANT=","
XKBOPTIONS="grp:caps_toggle"
BACKSPACE="guess"

Sevu, halafu bila kuristati piga

sudo udevadm trigger --subsystem-match=input --action=change

Kibodi zote zitatolewa na kuingizwa upya ndani ya Xorg, skrini inaweza kuganda kidogo usishtuke. Halafu ule mstari wa exec kwenye i3 uufute, na ile F9 pia, ili mpangilio ukae sehemu moja. Ukibaki kote kote siku utakayobadilisha kimoja utasahau kingine utakuja kutuuliza tena hapa 😄

Angalizo moja, us itangulie, usiandike ara,us. Faili hilohilo linatumika na konsoli nyeusi na pia ile sehemu ya kuandika paswadi ya diski kama umesimba diski yako. Ukianza na Kiarabu utakwama mlangoni.

Ukitaka kuhakiki kwamba kibodi mpya imepata, piga xinput list uone id yake, tuseme ni 14, halafu

xkbcomp -i 14 $DISPLAY - | grep xkb_symbols

Ukiona pc+us+ara:2 na group(caps_toggle) kwenye huo mstari basi imepokea. Usitegemee setxkbmap -query kwa kazi hii, hiyo haikuulizii kifaa kimoja kimoja.

---

pwani_ya_muscat

Dada kamaliza, mie naongeza upande wangu tu. Nipo Oman, kazini tunatumia Fedora na huko hakuna /etc/default/keyboard, kwa hiyo anaesoma hapa na hana Debian asilitafute. Kule unapiga

sudo localectl set-x11-keymap us,ara pc105 "" grp:caps_toggle

nayo inakuandikia faili la 00-keyboard.conf ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d. Arch ni hivyohivyo. Au unaandika mwenyewe kwa mkono, ndivyo nifanyavyo mie kwa sababu nna kibodi mbili, moja imechapwa herufi za Kiarabu juu yake na nyengine haina:

Section "InputClass"
    Identifier "kibodi ya kiarabu"
    MatchIsKeyboard "on"
    MatchProduct "jina la kibodi kama linavyoonekana kwa xinput"
    Option "XkbLayout" "us,ara"
    Option "XkbVariant" ",digits"
    Option "XkbOptions" "grp:caps_toggle"
EndSection

Ukiitoa MatchProduct inashika kibodi zote. Hiyo digits ni kwa anaetaka tarakimu za ١٢٣ badala ya 123, kwa mitihani ya madrasa ustadh nadhani itakufaa. Ile koma ya mwanzo muhimu sana, inamaanisha us haina lahaja na ara ndio yenye digits, ukiisahau Xorg itaitafuta digits ya us, haipo, na mpangilio wote utakataliwa.

Na ukitafuta msaada mtandaoni angalia tarehe. Kabla ya Xorg server 1.8 ya mwaka 2010 mambo haya yalikuwa yakipita kwa HAL, mfumo wa zamani wa kutambua vifaa, na mafunzo ya wakati ule yanakwambia uandike faili za .fdi. Yapo mpaka leo na yanatokea juu kabisa ukitafuta. Ukiona .fdi funga ukurasa. Na ukiona anaekwambia uweke AutoAddDevices "off" mkimbie pia, hiyo inaizuia Xorg kupokea kifaa chochote kinachoingia baada ya kuwaka, kwa mwenye bluetooth ni balaa tupu.

---

ustadh_kisauni

Mashallah, dada Mungu akuzidishie. Nimefuata ya /etc/default/keyboard nikaongeza na ile ya koma digits ya huyo ndugu wa Muscat, kibodi imelala imeamka Kiarabu kipo na tarakimu zimetoka sawa. Ile dmesg pia nimeiona, namba inapanda kweli kila ikiamka, sikujua kwamba inazaliwa upya.

Herufi za mwanzo bado zinapotea nikiiamsha lakini naona hilo ni la kuzoea, nagusa shift kwanza nasubiri kidogo.

Limebaki moja, na hili limeanza baada ya kufanya apdeti si kibodi ilipokuwa mpya. Nikizima laptopu nikawasha, kibodi haishiki yenyewe. Taa yake inawaka inazima basi. Inabidi nifungue bluetoothctl niandike connect, na mara nyengine hata connect inakataa. Nimepiga info imeniletea haya, nimefuta anwani:

Paired: yes
Bonded: no
Trusted: no
Blocked: no
Connected: no

Na kwenye i3 sina kile kialama cha bluetooth pale chini, niliunganisha kwa terminali tu.

---

codi_na_kahawa

Hii nilipata pia buda baada ya apdeti. Ingia /etc/bluetooth/input.conf, tafuta ClassicBondedOnly, toa alama ya # weka false, halafu ristati huduma ya bluetooth. Itashika straight bila maneno.

---

dada_terminali

ASIWEKE HIYO. Samahani kwa herufi kubwa, hizi si za Caps Lock ya ustadh, nimezikusudia.

ClassicBondedOnly iligeuzwa kuwa true makusudi. Desemba 2023 Marc Newlin alitangaza udhaifu unaoitwa CVE-2023-45866. Kwa ufupi, mtu aliye karibu na wewe, ndani ya masafa ya bluetooth tu, angeweza kuifanya mashine yako iamini kwamba yeye ni kibodi, bila wewe kukubali wala kuandika namba yoyote, halafu anaandika anachotaka. Kibodi inaweza kufungua terminali, inaweza kupakua kitu, inaweza kila unachoweza wewe ukikaa hapo. Android, iOS na macOS nazo ziliguswa. BlueZ, wenye programu ya bluetooth ya Linux, walichofanya ni kubadilisha hiyo settingi iwe true kwa kuanzia, kibodi ambayo haijafungishwa ufunguo na mashine isiruhusiwe, na Debian wakaisukuma kama apdeti ya usalama. Ndiyo maana zenu zimekata baada ya apdeti. Hakijaharibika kitu, mlango umefungwa. Ukiweka false unaufungua tena kwa kila mtu aliyeko mgahawani.

(Huyohuyo Newlin 2016 ndiye aliyekuwa kwenye ile ya MouseJack, ya vile vidude vya USB vya kipanya na kibodi. Kwa hiyo na wenye vidude msijione mmepona, kama kidude chako ni cha zamani tafuta apdeti yake, fwupd (programu ya kuapdeti vifaa) inawahudumia baadhi.)

Dawa ya ustadh iko kwenye ile mistari miwili aliyoleta mwenyewe, Bonded: no na Trusted: no. Bonded no maana yake mliunganishwa lakini hamkuachiana ufunguo wa kudumu. Trusted no maana yake kibodi ikija kubisha hodi, bluetooth inatafuta wakala wa kukuuliza "nimruhusu?", na kwenye i3 tupu huna wakala anayekaa macho, kwa hiyo inakataliwa bila wewe kuona chochote. Kwenye GNOME au KDE yupo ndiyo maana wenzako hawalijui hili.

Ifute uanze upya. Weka kibodi kwenye hali ya kutafutwa, mara nyingi ni kushikilia batani yake ya bluetooth mpaka taa ipepese haraka, halafu:

bluetoothctl
power on
agent on
default-agent
remove ANWANI
scan on

(subiri ionekane)

pair ANWANI
trust ANWANI
connect ANWANI

Ukipiga pair itakutolea Passkey, namba sita. Hizo namba unaziandika kwenye KIBODI YA BLUETOOTH unayoiunganisha, halafu Enter kwenye hiyohiyo. Skrini haitaonyesha kitu unapoandika, andika tu. Watu wengi wanaziandika kwa kibodi ya laptopu, wanasubiri, inachoka inakataa, wanasema bluetooth ya Linux mbovu.

Ukimaliza piga info tena, Bonded na Trusted zote ziwe yes. Hapo ikiwaka itaingia yenyewe.

---

codi_na_kahawa

Sawa dada nimeelewa, nimeirudisha true nikafanya hiyo ya remove na pair na imeshika. Ile ya false niliikuta kwa wale watu wa kontrola za PS3 nikaona acha nijaribu kwa kibodi.

---

dada_terminali

Ndiyo, huko ndiko ilikotokea, zile kontrola za zamani hazijui kufungisha ufunguo, kwa hiyo mwenye nazo analazimika kuchagua. Kibodi inajua. Hakuna sababu.

---

ustadh_kisauni

Nimefanya. Namba sita nimeandika kwa ile ndogo, ikakubali. Bonded yes Trusted yes. Nimezima nimewasha, nimeloji kwa batani za laptopu, i3 ilivyofunguka nikagusa kibodi na ikashika yenyewe.

Lakini kaka yangu anaitumia laptopu hii jioni, ana Windows yake upande mwengine. Akiunganisha kibodi kwa Windows, mimi nikirudi Debian haishiki mpaka nianze tena ile safari ya remove na pair. Na mimi nikifanya hivyo, yeye yake inakatika. Tunavutana.

---

pwani_ya_muscat

Hiyo ni kwa sababu mashine ni moja, anwani ya bluetooth ni moja, lakini mifumo ni miwili na kila mmoja ukiunganisha unatengeneza ufunguo mpya. Kibodi inakumbuka ufunguo wa mwisho tu kwa ile nafasi. Wa Windows ukiingia wa Debian unakuwa kopo tupu.

Angalia kibodi yako kama ina zile batani za 1, 2, 3, mara nyingi unabonyeza pamoja na Fn. Hizo ni nafasi za kukumbuka mashine tofauti na kila nafasi ina ufunguo wake. Mpe kaka nafasi ya 1 aunganishe Windows, wewe chukua ya 2 uunganishe Debian. Mkibadilishana mnabonyeza namba tu.

Kama haina nafasi, kazi inakuwa kubwa kidogo. Unganisha Debian kwanza, halafu Windows, halafu ule ufunguo wa Windows unautoa kwenye rejista yake unakuja kuuandika kwenye faili linaloitwa info ndani ya /var/lib/bluetooth, folda ya anwani ya laptopu na ndani yake ya anwani ya kibodi, sehemu ya LinkKey, kisha unaristati bluetooth. Inawezekana, mie nishaifanya, lakini kama una hizo batani usijitese.

---

ustadh_kisauni

Zipo! Batani tatu zina duara za rangi, nilidhani ni za sauti. Nikimpata jioni tutajaribu.

---

mama_spika

Nijichomeke hapahapa kama hamtojali maana wajuzi mmekusanyika. Mimi kibodi yangu ni ya mekanika, ya bluetooth, Ubuntu. Leyauti sina shida nayo. Shida F1 mpaka F12 hazipo, nikibonyeza F5 ku-refreshi inapunguza mwanga, F2 kwenye LibreOffice Calc nihariri seli inafanya mambo mengine. Fn nayo nimejaribu kushikilia, haibadilishi kitu. Nimeangalia lsmod naona hid_apple wakati mimi sina kitu cha Apple ndani ya nyumba hii.

---

dada_terminali

Karibu mama. Kibodi nyingi za mekanika zikiwa kwenye bluetooth zinajitambulisha kwa namba ya mtengenezaji ya Apple, 05AC, ili zifanye kazi kwenye Mac bila maswali. Kerneli inaiamini, inampa draiva ya hid_apple, na hiyo draiva inafuata desturi ya Mac ambako safu ya juu ni mwanga na sauti kwanza, F baadaye. Kwa hiyo hata hapa kujipanga kumefanyika, ila kwa kitambulisho cha kuazima.

Jaribu kwanza bila kubadilisha faili:

echo 2 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode

Gusa F5. Ikikubali ifanye ya kudumu:

echo "options hid_apple fnmode=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/hid_apple.conf
sudo update-initramfs -u

Hiyo ya pili usiiruke, la sivyo ukiwasha mashine draiva inaweza kupakiwa mapema kutoka initramfs, ule mfumo mdogo wa kuwashia, bila kuliona faili lako na utarudi kulekule. 2 maana yake F kwanza, mwanga na sauti kwa Fn. 1 ni kinyume chake, 0 inaizima Fn kabisa.

Pia geuza ubavuni uone kama ina swichi ndogo ya Mac na Windows, wakati mwingine imekaa upande wa Mac tangu dukani.

---

mama_spika

Swichi ilikuwa Windows tayari. Ile ya echo imekubali hapohapo, F2 imerudi!! Nimeweka na la kudumu. Asante sana mdogo wangu.

---

fundi_simu_tz

Basi na mimi niulize kwa heshima 😅 nina xset r rate 250 40 ili herufi zijirudie haraka nikishikilia, nayo inapotea kibodi ikiamka. Hiyo kwenye /etc/default/keyboard naona haina pa kukaa.

---

dada_terminali

Haina kweli. Hapo ndipo komandi ya kupiga kila kifaa kinapoingia inahitajika, ila itoke ndani ya sesheni yako, udev iache. Kuna kitu kinaitwa inputplug, kipo kwenye repo ya Debian. Kinakaa ndani ya X kinasikiliza, na kibodi ikiwa imeshapokelewa ndiyo kinakuita. Skripti:

#!/bin/sh
if [ "$1" = XIDeviceEnabled ] && [ "$3" = XISlaveKeyboard ]; then
    xset r rate 250 40
fi

Ipe chmod +x, halafu kwenye i3:

exec --no-startup-id inputplug -c ~/bin/kibodi.sh

Mwenye xmodmap, komandi ya kubadilisha kazi za batani, naye anaweza kuiweka humohumo, ingawa kwa caps na ctrl ni afadhali ahamie kwenye XKBOPTIONS, zipo ctrl:nocaps, caps:escape na nyingine nyingi, orodha iko kwenye man xkeyboard-config.

---

pwani_ya_muscat

Na kwa aliehamia sway, mbadala wa i3 usiotumia Xorg, haya yote hayamhusu, kule anaandika kwenye config

input type:keyboard {
    xkb_layout us,ara
    xkb_options grp:caps_toggle
    repeat_delay 250
    repeat_rate 40
}

na kila kibodi ikiingia inapewa, iwe mpya iwe imeamka tu.

---

fundi_simu_tz

Sway kwenye kadi yangu ya picha haijakubali bado, nabaki i3. inputplug imekaa, nimeilaza kibodi nikaiamsha, spidi ipo. Ile ya udev nimeifuta.